Miaka Mitano, na Mitatu Kati Yake Ndani ya Kituo

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa fizikia na uhandisi, na wageni wetu, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie sifa na uzoefu wa mtu anayefaa kusimamia kinga ya mionzi kwenye kituo cha umeme wa nyuklia. Nitaanza na waraka mmoja wa Marekani, kwa sababu ndio uliolieleza jambo hili waziwazi kuliko nyingine nilizosoma. Unaitwa Mwongozo wa Udhibiti 1.8, ulitolewa na tume yao ya udhibiti wa nyuklia, NRC, na toleo ninalolisemea ni la Septemba 1975. Vituo vingi vya kule viliuingiza kwenye masharti ya leseni zao kwa sentensi inayopaswa kusomwa polepole. Inasema hivi kwa maana yake: kila mfanyakazi wa kituo atatimiza sifa za kiwango cha taifa cha mwaka 1971, isipokuwa Meneja wa Kinga ya Mionzi, ambaye atatimiza sifa za Mwongozo 1.8.

Isipokuwa yeye. Watu wote wa kituo wana kiwango chao, na huyu mmoja akatengewa chake.

Mwongozo wenyewe unataka awe na shahada ya kwanza ya sayansi au uhandisi, au elimu inayolingana nayo, na ndani yake awe amesomea rasmi kinga ya mionzi. Kisha awe amefanya kazi ya kitaalamu ya kinga ya mionzi kwa miaka isiyopungua mitano. Shahada ya uzamili inaweza kuhesabiwa kama mwaka mmoja wa uzoefu, na ya uzamivu kama miaka miwili. Lakini katika hiyo mitano, mitatu iwe imefanyika kwenye kituo cha nyuklia chenye matatizo ya mionzi yanayofanana na ya kituo cha umeme, na ikiwezekana iwe ndani ya kituo cha umeme chenyewe.

Hapo ndipo ninapotaka tukae leo. Shahada ina njia zake, mwenye bidii ataipata. Ile mitatu ndiyo inayowaondoa watu wengi wazuri. Nimewasikia wasomi wakilalamika kwamba sharti hili ni la kiurasimu tu, kwamba mionzi ni mionzi. Sikubaliani nao hata kidogo, na nitaeleza sababu.

Kituo kinapozalisha umeme, dozi wanayopata wafanyakazi, yaani kiasi cha mionzi kinachopokewa na mwili, ni ndogo. Sehemu kubwa ya dozi ya mwaka inakusanywa katika majuma machache ambayo kinu, yaani mtambo wenye fueli ya nyuklia, kimezimwa ili kubadilisha fueli na kufanya matengenezo. Hapo wanaingia mamia ya vibarua na mafundi wa kandarasi, wengine hawajawahi kuliona jengo lile. Valvu zinafunguliwa, jenereta za mvuke zinakaguliwa, jukwaa linajengwa mahali ambapo jana hapakuwa na mtu. Kila siku ya kuchelewa ni umeme usiouzwa, na ratiba inasoma saa kwa saa. Meneja wa kinga ya mionzi anasimamia haya yote kwa pamoja: nani aingie wapi, kwa kibali gani, amevaa nini, akae dakika ngapi, blanketi za risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, zifungwe kwenye bomba lipi kwanza, na kazi ipi isubiri.

Na mionzi yenyewe haitulii. Katika vinu vya maji yanayochemka, mvuke unaokwenda kwenye tabini, mashine inayozungushwa na mvuke huo ili kuzalisha umeme, unabeba nitrojeni-16 inayotoa mionzi, kwa hiyo ukumbi wa tabini ni wa hatari kinu kikiwa kazini. Nusuhai ya nitrojeni hiyo, muda wa mionzi yake kupungua kwa nusu, ni sekunde 7 hivi. Zima kinu, na baada ya dakika chache imekwisha. Katika vinu vya maji yenye shinikizo mambo yanaweza kwenda kinyume: wakati wa kuzima, kemia ya maji hubadilika, kobalti-58, nayo yenye mionzi, iliyokuwa imeganda ndani ya mabomba inaachia na kusambaa, na bomba ambalo wiki iliyopita lilikuwa salama kupita kando yake leo linahitaji kizuizi. Wakemia hufanya hivyo makusudi ili waisafishe kwa vichujio. Meneja asiyejua kwamba hilo linakuja, na linakuja saa ngapi, atapanga watu mahali pasipofaa. Darasani tunafundisha nusuhai. Saa ya kuwaondoa mafundi karibu na bomba lile anaijua aliyekwisha kuuzima mtambo akiwa ndani.

Nitoe mfano wa Kanada, maana unaonesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yangu.

Kituo cha Bruce, mkoa wa Ontario. Kinu namba 1 kilisimamishwa mwaka 1997, kikakaa miaka mingi, kisha kikaanza kufanyiwa ukarabati mkubwa. Novemba 2009 mafundi walikuwa wakisaga na kuandaa miisho ya mabomba yanayopeleka maji kwenye kinu. Vumbi likapanda hewani, na ndani ya vumbi hilo mlikuwa na chembe zinazotoa mionzi ya alfa, aina inayodhuru hasa ikivutwa ndani ya mwili. Upimaji wa kila siku ulitegemea beta na gama, aina nyingine mbili za mionzi, kama ilivyozoeleka vituoni: ukiona beta na gama ni kidogo, unakadiria kwamba alfa ni kidogo zaidi. Wafanyakazi zaidi ya 500 wakaingia kwenye orodha ya waliohitaji kuchunguzwa kama wamevuta alfa. Vikomo vya sheria havikuvukwa, tunashukuru, lakini kufikia kulijua hilo kulichukua uchunguzi mrefu wa sampuli za watu wale.

Sasa tufanye hesabu wenyewe. Kobalti-60, ambayo ndiyo chanzo kikubwa cha gama kwenye mabomba ya zamani, ina nusuhai ya miaka 5.27. Kutoka 1997 hadi 2009 ni miaka 12, kwa hiyo imebaki kama moja ya tano. Ameriki-241 inayotoa alfa ina nusuhai ya miaka 432. Haikupungua kwa kiasi cha kuonekana, na kama palikuwa na plutoni-241 ilizidi kuongezeka, kwa sababu plutoni hiyo ndiyo mzazi wake. Kile walichokuwa wakikipima kilikuwa kinatoweka, na kile wasichokipima kilikuwa pale pale. Uwiano wa zamani haukuwa na maana tena.

Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili hapa anaweza kufanya hesabu hiyo kwa dakika tano. Kazi ni kukumbuka kuifanya, asubuhi ile, kabla kibali hakijatiwa saini, huku msimamizi wa mradi amesimama mlangoni. Ndiyo maana mwongozo unasema matatizo "yanayofanana". Mtu aliyekwisha kuona fueli iliyopasuka na mabaki yake, ambayo ndiyo yenye alfa, ndani ya mabomba ataliuliza swali la alfa bila kukumbushwa.

Mimi mwenyewe nilianzia hospitalini, kwenye tiba ya saratani, na kazi ile naiheshimu sana. Afrika Mashariki ina wataalamu hodari wa mionzi: kwenye hospitali kama Ocean Road pale Dar es Salaam, kwenye Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania kule Arusha, kwenye mamlaka ya udhibiti ya Kenya, kwenye kampuni zinazopiga picha viungio vya mabomba kwa iridi-192, chanzo kidogo cha gama. Hospitalini, hata hivyo, chanzo kinajulikana. Kiko ndani ya mashine, kina cheti, unajua kimekaa wapi. Kwenye kituo cha umeme chanzo kimo ndani ya maji, ndani ya kutu, ndani ya hewa, kwenye soli ya kiatu. Miaka ishirini ya hospitali haikupi uzoefu wa kituo, na kusema hivyo si kumdharau mtu. Hapa mwongozo wa Marekani ulikuwa na haki kuutenga uzoefu wa kituo na uzoefu mwingine.

Kuna watakaouliza juu ya vyeti. Marekani kuna bodi inayowathibitisha wataalamu wa fizikia ya afya, ndilo jina lao la fani hii ya kinga ya mionzi: mitihani miwili ya maandishi, uzoefu wa kitaalamu wa miaka sita, na cheti kinahuishwa kila baada ya miaka minne. Ni cheti kizito, nawashauri mkitafute. Ila mwongozo niliousoma haukukifanya sharti la cheo hiki. Uingereza wana mfumo wao wa mshauri wa kinga ya mionzi mwenye cheti, na Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2013, unatenganisha mtaalamu anayetoa ushauri na afisa anayesimamia kazi mahali pake. Majina yanatofautiana. Mtu anayetakiwa hatofautiani sana.

Jambo jingine ambalo halionekani kwenye vyeti ni mamlaka. Mwongozo 1.8 unataka awe na uwezo wa kuwaongoza wataalamu, mafundi sanifu na mafundi wa kawaida. Mwongozo mwingine wa NRC, namba 8.8, unataka asiwe chini ya wakuu wa uzalishaji, na awe na njia ya kumfikia meneja mkuu wa kituo moja kwa moja. Aliyeandika hivyo alielewa ofisi zinavyofanya kazi. Ukimweka mtu wa kinga chini ya mtu anayepimwa kwa umeme aliouza, siku ya kusimamisha kazi atasitasita, hata akiwa na shahada tatu.

Tazameni kituo cha Fukushima Daiichi, Japani. Tarehe 24 Machi 2011, wafanyakazi watatu walikuwa wakilaza nyaya chini ya jengo la tabini la kinu namba 3. Siku iliyotangulia eneo lile lilikuwa na mionzi midogo. Siku hiyo palikuwa na maji, na maji yalikuwa na mionzi mikali. Vipimadozi vyao vikalia. Wakadhani vimeharibika, wakaendelea. Wawili walikuwa na viatu vifupi, maji yakaingia hadi kwenye ngozi. Wote watatu walipata kati ya milisiverti, kipimo cha dozi, 170 na 180 au karibu na hapo. Kikomo cha dharura Japani kilikuwa kimepandishwa kutoka 100 hadi 250, na mwishowe wafanyakazi sita wa kituo kile walikivuka, mmoja akifikia 678, sehemu kubwa ikiwa ni mionzi waliyoivuta kwa pua na mdomo.

Siwalaumu wale watatu. Kituo kilikuwa kimepigwa na tsunami, hakuna umeme, hakuna usingizi. Ninachouliza ni swali la mafunzo ya miaka ya nyuma yake: nani aliwazoesha kwamba kipimadozi kikilia unatoka kwanza, mjadala baadaye? Mazoea hayo hujengwa katika matengenezo ya kawaida, mwaka baada ya mwaka, na mtu wa kuyajenga ni huyu tunayemzungumza.

Kenya imekuwa na mpango wa kituo cha kwanza, ina wakala wake wa nishati ya nyuklia na sheria ya udhibiti ya mwaka 2019. Uganda imetaja Buyende kuwa mahali pa kituo chake. Nami sikuja kutetea wala kupinga mpango wowote. Ila hesabu ya huyu mtu ni nyepesi kuifanya: miaka minne ya shahada, mitano ya kazi, mitatu kati yake kwenye kituo, na lazima awe kitini kabla fueli ya kwanza haijafika, kwa sababu ndiye anayeandika taratibu na kuwafundisha mafundi. Hiyo ni karibu miaka kumi. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lina kozi ya uzamili ya kinga ya mionzi inayofundishwa Ghana kwa nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza, na wenzetu wengi wamepita huko. Kozi inajenga msingi, lakini haihesabiki kama miaka mitatu ya kituo. Barani Afrika kituo cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi ni kimoja, Koeberg, kaskazini mwa Cape Town, chenye vinu viwili tangu katikati ya miaka ya 1980. Misri inajenga El Dabaa. Kwa hiyo vijana wetu watalazimika kuajiriwa nje, kazi ya kweli, ya zamu na ovaroli, wakianza na kupima sakafu na kuosha barakoa. Ziara ya mafunzo ya wiki mbili yenye picha za pamoja haimo kwenye hesabu hii.

Nimalizie na jambo ambalo mipango mingi inalisahau. Ajali ya kituo cha Three Mile Island, Marekani, ilianza saa kumi alfajiri, tarehe 28 Machi 1979. Siku iliyofuata wasimamizi wawili waliingia kuchukua sampuli ya maji ya kinu, na dozi yao ikapita kikomo cha robo mwaka cha wakati ule, milisiverti 30. Baada ya ajali, NRC ilitaka hata kaimu wa meneja huyu, anayeshika nafasi yake akiwa likizo au mgonjwa, awe na shahada na miaka miwili ya kinga ya mionzi, mmoja wake kwenye kituo cha umeme. Tena masharti ya leseni yanataka mtu aliyefuzu taratibu za kinga ya mionzi awepo kituoni wakati wote fueli ikiwa ndani ya kinu, usiku na sikukuu. Wanaoandaa orodha za kuwapeleka watu nje waandike, kwa cheo hiki kimoja, majina matatu au manne, na mafundi wa zamu wa kutosha juu yake. Na ninyi mtakaoenda, wekeni daftari tangu siku ya kwanza: tarehe, eneo, aina ya kazi, kibali mlichokisimamia, dozi iliyokadiriwa na iliyopatikana, na saini ya mkuu wenu. Siku ya kuthibitisha ile miaka mitatu, mdhibiti ataomba daftari hilo.