Kilichoondolewa Mezani

Mabibi na mabwana, karibuni. Neno "nadharia" likitajwa katika somo la fasihi, wanafunzi hununa, na siwalaumu. Wamekaririshwa majina ya nadharia, umaumbo, umuundo, udenguzi, kama msafiri anayetajiwa vituo ambavyo hatashuka hata kimoja. Leo orodha tuiache. Mimi huwauliza wahakiki swali moja tu: mmeondoa nini mezani ili tusome vizuri?

Twende Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, miaka ya 1920. Mhakiki I. A. Richards aliwagawia wanafunzi wake mashairi yasiyo na jina la mtunzi wala tarehe, akawataka waandike maoni yao. Basi walivurunda! Mashairi ya magwiji waliyaponda, na mengine dhaifu wakayamwagia sifa. Majibu yao aliyachapisha mwaka 1929. Kisa hiki kinatuumbua sote: mara ngapi tumelisifu jina, shairi lenyewe tukalipita?

Baada ya jina kuondolewa, ikafuata nia. Mwaka 1946, Wimsatt na Beardsley, wananadharia wa Kimarekani, walisema alichokusudia mtunzi si kipimo cha kazi yake. Mfaransa Roland Barthes akamaliza kabisa: mwaka 1967 alitangaza kifo cha mwandishi, yaani maana ya kazi iko kwa msomaji, si kwa aliyeiandika. Warusi walikuwa wameshaondoa kitu kingine mapema, yaani mazoea. Shklovsky, mwaka 1917, alidai kazi ya sanaa ni kukifanya tulichokizoea kiwe kigeni, jiwe tulihisi tena kuwa ni jiwe.

Umuundo, nadharia inayosaka muundo uliojificha ndani ya kazi, nitaupita mbio, wapenzi wake mniwie radhi. Mrusi Propp alizichambua ngano 100 za Kirusi, akapata matendo 31 yanayojirudia. Ni kazi safi, ila ukishamaliza kuhesabu bado hujui kwa nini ngano moja inaliza na nyingine inachosha.

Kisha wakaja wa kurudisha vilivyoondolewa. Wafeministi, wahakiki wanaotetea wanawake, waliuliza: huyo mwandishi mnayemzika, mbona wanawake hawakuwahi hata kupewa nafasi ya kuwa yeye? Swali zito, na sijasikia jibu la kuniridhisha.

Naye mhakiki Edward Said akairudisha ramani. Katika riwaya ya Jane Austen, *Mansfield Park*, mwenye nyumba ana mali Antigua, kisiwa cha mashamba ya watumwa. Fanny, msichana anayelelewa humo, anasimulia kwamba aliwahi kumuuliza mwenye nyumba kuhusu biashara ya watumwa, na chumba kizima kikanyamaza. Ni maneno machache, unaweza kuyaruka. Said, katika kitabu chake cha 1993, hakuyaruka. Riwaya ilitoka mwaka 1814. Uingereza ilikuwa imeipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807. Ifute tarehe, kama alivyofanya Richards, na kimya kile kinapungua uzito. Lakini angalieni: Said alikiona kwa sababu alisoma polepole, neno kwa neno, vilevile alivyotaka Richards.

Haya, geuzeni karatasi mliyopewa mlangoni. Kuna shairi, halina jina wala mwaka. Chukueni dakika kumi. Ni la nani, sisemi.