Kabla ya Kuliinua: Kununua 4x4 Kubwa Lililotumika

SALUM: Karibuni. Mimi ni Salum, niko na dada yangu Mwanaidi, na leo tunaongelea magari makubwa ya 4x4 yaliyotumika: namna ya kuyanunua na namna ya kuyaandaa kwa njia mbovu. Mwanaidi, wewe umeshanunua mawili. Anza na lile la kwanza.

MWANAIDI: La kwanza nililikuta limeshafanyiwa kila kitu, kaka Salum. Limeinuliwa, lina tairi kubwa, winchi ya kujivutia kwa kamba mbele, taa juu ya paa. Nililipenda kabla sijafungua mlango. Kwenye lami likifika kilomita 80 kwa saa, usukani unalegea mkononi na gari linatangatanga. Ukikata kona, usukani haurudi wenyewe katikati. Nikabadilisha vichwa vya stelingi, nikafanya alaimenti mara tatu. Wapi!

SALUM: Na ugonjwa haukuwa huko.

MWANAIDI: Ugonjwa ulikuwa kwenye pembe ya kasta, na ilichukua miezi kabla sijampata fundi aliyeipima.

SALUM: Hapo usipite haraka, wengi wanapotelea hapo hapo.

MWANAIDI: Angalia uma wa baiskeli. Haukusimama wima, kwa juu umelalia nyuma kidogo. Ulalo ule ndio unaoifanya baiskeli ishike njia hata ukiachia mikono. Gari nalo lina ulalo wake kwenye vifundo vya magurudumu ya mbele. Ndiyo kasta hiyo. Sasa kwenye Land Cruiser 80 Series, au Nissan Patrol Y60 na Y61, ekseli ya mbele inashikwa na mikono miwili mirefu ambayo kwa nyuma imefungwa kwenye chasisi. Ukiweka springi ndefu, chasisi inapanda, mikono inainama zaidi, na ekseli inazunguka pamoja nayo. Juu yake inainamia mbele. Ulalo unapungua, na kadiri unavyoinua ndivyo unavyozidi kupungua.

SALUM: Kwa kuinua sentimita 5 hivi, mara nyingi bushi zenye tundu lililosogezwa pembeni zinatosha kurudisha pembe. Ukipita hapo unahitaji vishikio vipya vya ile mikono ya ekseli. Na pale pale uangalie mipira ya breki. Ekseli ikining'inia, ule mpira usivutike mpaka ukakaza kama kamba ya kuanikia nguo.

MWANAIDI: Kwenye langu ulikuwa umekaza.

SALUM: Mpira huo ungekatika kwenye mteremko, Mwanaidi. Hapo mimi huwa sicheki na mtu.

MWANAIDI: Ndiyo maana nasema gari la kununua ni lile ambalo halijaguswa. Lililoguswa, unanunua na maamuzi ya mtu ambaye huwezi kumuuliza maswali.

SALUM: Mimi nakubali, ila si moja kwa moja. Nimeona magari yaliyorekebishwa na watu makini, kila boliti inaeleweka. Shida ni kwamba mnunuzi mgeni hawezi kulitofautisha na lile lako.

MWANAIDI: Basi mgeni achukue la kiwandani.

SALUM: Haya. Kuna jambo lingine linaloniuma kuhusu kuinua. Watu wanadhani ukiweka springi ndefu, gari lote limepanda. Kwenye ekseli nzima, ile ya chuma kimoja toka gurudumu hadi gurudumu, difu, yaani lile bonge la gia lililo kwenye ekseli, haiendi popote! Springi inainua bodi na chasisi. Inakusaidia kwenye tumbo na kwenye bampa, na tairi kubwa linapata nafasi. Lakini jiwe linalogonga difu leo litaigonga na kesho. Kinachopandisha difu ni tairi peke yake.

MWANAIDI: Tena kwa nusu.

SALUM: Kwa nusu. Tairi la 275/70R16 lina kimo cha sentimita 79 hivi. La 285/75R16 lina kama 83. Tofauti ni sentimita 4, lakini mbili ziko juu ya ekseli na mbili chini. Kwa hiyo difu imepanda sentimita 2. Na spidi mita itaanza kukudanganya: ikisoma 100, wewe uko kwenye 105.

MWANAIDI: Sentimita 2 ni nyingi ukiwa juu ya mawe.

SALUM: Ni nyingi. Ila mtu ajue ndizo anazopata. Haya, gari la pili ulilinunuaje?

MWANAIDI: Nilianzia uvunguni. Lilikuwa 80 Series, na hizo zilianza kutoka mwaka 1990, kwa hiyo unanunua gari lenye umri wa mtu mzima. Nilibeba nyundo ndogo, nikagonga chasisi toka mbele hadi nyuma, hasa pale inapopinda juu ya ekseli ya nyuma, ambapo tope hukaa. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa na kutu kinatoa sauti butu. Rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu inanitia wasiwasi kuliko kutu ninayoiona kwa macho.

SALUM: Na injini?

MWANAIDI: Nilimwomba mwenye gari asiiwashe kabla sijafika. Nikashika boneti, ilikuwa baridi. Ilikuwa 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo. Haina haraka, lakini inavumilia. Ikawaka mara moja, moshi kidogo ukaisha. Ilipopata moto nikafungua kifuniko cha oili nikaangalia inavyopumua. Ukiona inapuliza kwa nguvu, ringi za pistoni zimechoka.

SALUM: Vifundo vya mbele ulivitazama?

MWANAIDI: Vilikuwa vimelowa! Oili ya difu ilikuwa imepita sili ya ndani, ikachanganyika na grisi, ikawa uji mweusi unaochuruzika kwenye lile duara la kifundo. Sikukimbia. Ni kazi chafu, lakini inajulikana: unafungua, unasafisha, unaweka sili na beringi mpya. Nikapunguziwa bei kwa ajili hiyo. Kisha nikafungua nati ya kumwagia oili ya difu. Sumaku yake ikiwa na unga laini wa chuma, ni kawaida. Ikiwa na vipande, kuna jino limevunjika. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

SALUM: Tueleze maji yanaingiaje, maana gari linaweza kuvuka mto mara moja tu likapata hayo.

MWANAIDI: Difu ikitoka safarini ni ya moto. Ukiizamisha ghafla, hewa ya ndani inapoa na kusinyaa, inavuta. Kama tundu la kupumulia liko pale pale juu ya ekseli, au limeziba na kuzilazimisha sili zivute, ni maji yanayoingia. Dawa yake ni mpira mwembamba unaopandisha tundu lile hadi chini ya boneti. Ni kazi ya alasiri moja. Watu wanafunga snokeli kwanza, lile bomba linaloiletea injini hewa kutoka juu, na kusahau hilo.

SALUM: Na snokeli yenyewe, kama boksi la filta na maungio hayajazibwa, maji yanaingia pale chini. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikikutana nayo, koni rodi, yaani mkono unaoishika pistoni, inapinda. Sasa hilo la pili umeliongezea nini?

MWANAIDI: Tairi nzuri, kipimo cha upepo na pampu. Springi za kuinua sentimita 5 na bushi za kasta siku hiyo hiyo. Mipira ya kupumulia. Basi. Barabarani natembelea psi 36, mchangani nashuka hadi 18. Tairi likipungua upepo linarefuka pale linapogusa ardhi, linakanyaga mchanga badala ya kuuchimba. Kabla ya lami narudisha upepo, maana tairi laini kwenye mwendo linapata moto ubavuni na kupasuka.

SALUM: Winchi?

MWANAIDI: Bado. Likipakiwa linakaribia tani 3, kwa hiyo nataka yenye uwezo wa kama tani 4 na nusu, mara moja na nusu ya uzito. Ila kwanza nimefunga ndoano za kuvutia kwenye chasisi, mbili mbele na mbili nyuma.

SALUM: Msikilizaji, kamba ya kuvuta gari lililonasa usiifunge kwenye kile kichwa cha duara cha kuvutia tela. Kikikatika kinaruka kama risasi, na kimeshaua watu. Kama gari unalolitazama halina sehemu za kuvutia, weka hizo kabla hujaingia tope la kwanza.

MWANAIDI: Na unapovuta, watu wote wasogee mbali, hata wale wanaopiga picha.