Kumi Inabakiza Nini? Chanzo cha Kanuni za Kugawanyika

Walimu wenzangu, mwanafunzi akisema 23 inagawanyika kwa 3 "kwa sababu inaishia na 3", hakubahatisha. Amechukua kanuni ya 2 na 5 akaipeleka isikofaa. Kumwekea alama ya kosa hakutoshi. Aonyeshwe kwa nini kule tarakimu ya mwisho inatosha na huku haitoshi.

Jibu liko kwenye kumi. Kumi inagawanyika kwa 2 na kwa 5 bila baki, kwa hiyo makumi, mamia na maelfu yote huisha. Yanabaki mamoja tu ya kuchunguza. Ndiyo maana namba shufwa huishia na 0, 2, 4, 6 au 8, na nyinginezo ni witiri. (Sifuri yenyewe ni shufwa, tuseme wazi darasani, maana wengi huiacha nje.) Kwa 4, kumi inabakiza 2, ila mia inaisha, basi tunatazama tarakimu mbili za mwisho.

Sasa 9. Wape watoto njiti. Kifungu cha kumi, toa tisa, imebaki njiti moja mkononi. Mia ukitoa 99, imebaki moja. Elfu ukitoa 999, moja tena. Tuandike 4572 ubaoni: maelfu manne yanabakiza 4, mamia matano 5, makumi saba 7, na mamoja ni 2. Jumla ya mabaki ni 18, nayo inagawanyika kwa 9. Fanyeni hesabu yenyewe: 4572 ÷ 9 = 508. Kumbe kujumlisha tarakimu ni kujumlisha mabaki! Kwa 3 ni vilevile, kwani 9, 99 na 999 zote zinagawanyika kwa 3.

Namba ya kugawanyika kwa 6 sharti ipite kwa 2 na kwa 3. Hapo huzuka kosa jingine: "ikipita kwa 2 na 4, inapita kwa 8." Jaribuni 12. Ndani ya 4 tayari mna 2, kwa hiyo sharti la 2 halikuongeza kitu.

Namba tasa ina vigawo viwili kamili: 1 na yenyewe. Moja ina kigawo kimoja, basi si tasa. 91 huwadanganya wengi: si shufwa, jumla ya tarakimu ni 10, haiishii na 0 wala 5, lakini ni 7 × 13. Je, 97? Jaribu 2, 3, 5, 7: zote zinabakiza. Inayofuata ni 11, na 11 × 11 ni 121, imeshapita 97. Kigawo cha 11 au zaidi kingehitaji mwenzake mdogo kuliko 11, na hao tumeshawajaribu. Simama hapo: 97 ni tasa.