Kisu Kwenye Meza ya Chai

Ndugu zangu, jioni ya leo tukae na neno moja tu: kisu.

Mwaka 1929, katika studio za Elstree, nje kidogo ya London, mwongozaji Alfred Hitchcock alikuwa akitengeneza filamu bubu iitwayo Blackmail, yaani kumtisha mtu kwa siri yake ili atoe pesa. Kazi ikiwa katikati, mitambo ya sauti ikaingia. Vipande vingine vikapigwa upya watu wakisema, vingine vikaachwa vilivyo. Ndiyo maana mwanzoni, polisi wakimkamata mhalifu, unaona midomo ikicheza na husikii ila muziki.

Kumbe shida ilikuwa mbele. Mwigizaji mkuu, Anny Ondra, alikulia Prague, na lafudhi yake haikufichika. Naye anaigiza Alice, binti wa muuza magazeti wa London! Kuingiza sauti baadaye kulikuwa hakujawezekana. Basi Joan Barry akasimama kando na maikrofoni akisema, Ondra akichezesha midomo mbele ya kamera. Wengine wanaliona kasoro. Mimi naona msichana mwenye siri nzito kama Alice anafaa kabisa kuwa na sauti isiyo yake.

Sasa kile kisu. Usiku Alice amemchoma kwa kisu cha mkate mchoraji aliyetaka kumbaka. Asubuhi yuko mezani na wazazi wake, hajapata usingizi. Karibu yao kasimama jirani mmoja mbea, anayachambua mauaji yale kwa raha zake zote. Tunawajua watu hawa. Maneno yake yanafifia, yanageuka mvumo, ila moja linabaki wazi. Mvumo. Kisu. Mvumo. Kisu. Baba, asiye na habari, anamwambia bintiye akate mkate. Alice anakigusa, "Kisu!" linapasuka, nacho kinamruka mkononi.

Angalieni: waongozaji wenzake wanahangaika kila neno lisikike, Hitchcock anayafuta makusudi, tusikie kwa masikio ya Alice. Toleo bubu nalo lilionyeshwa, maana majumba mengi ya sinema hayakuwa na mitambo. Humo mchezo huu haupo.

Mwishoni Alice ameponea kukamatwa. Yuko makao makuu ya polisi, askari wanatania, naye anajilazimisha kucheka. Ghafla inapitishwa ile picha ya mchekeshaji aliyoikuta chumbani kwa marehemu. Imemnyooshea kidole, inacheka.