Kupanga upya picha ukutani: vuta waya kwanza ndipo upime

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo niko Msasani, kwenye ukumbi mdogo wa maonyesho, tunapanga upya picha sita za Tingatinga. Fremu zote nimetengeneza mwenyewe; ukihitaji, andika hapo chini.

Za zamani tumeshaziteremsha, matundu tumeziba, rangi imekauka. Twende.

Zitandaze sakafuni juu ya blanketi, uso juu. Usizilaze moja juu ya nyingine, tafadhali! Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968 huko Oysterbay alitumia rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya hadibodi, na mafundi wengi bado wanaitumia. Kwa joto hili la Dar, uso kwa uso zinagandana. Ukizibandua, madoa ya chui yanaondoka na picha ya jirani.

Sasa mpangilio. Ndege wangu hutazama ndani ya mstari, siku zote. Akitazama nje, anamtoa mgeni mlangoni kabla hajamwona nyati.

Urefu: kitovu cha picha kiwe sentimita 150 kutoka sakafuni, ndiyo kimo cha macho ya watu wengi. Picha hii ina kimo cha 60, nusu yake 30. Jumla 180. Toa umbali kutoka juu ya fremu hadi kwenye waya wa kuning'inizia ulio nyuma yake.

Hapo simama. Waya UVUTWE. Tunatumia kulabu mbili, kwa hiyo weka vidole viwili pale kulabu zitakapokaa, vuta juu kwa nguvu, ndipo upime. Umeona? Umelegea ni 10, umevutwa ni 7. Kwa hiyo kulabu ziko 173, siyo 170. Niliwahi kupima waya umelegea, nikatoboa matundu 24 kwenye ukuta wa tofali, picha zote zikakaa chini kwa sentimita tatu. Nilirudia usiku kucha, ufunguzi ulikuwa asubuhi. Vuta, halafu pima. Nasema tena: vuta!

Drili, plagi, kulabu, hayo mnayajua. Usitoboe tu juu ya swichi, waya wa umeme umepita humo.

Ngoja. Sogeza kamera. Mnaona huo mng'ao juu ya nyati? Ni dirisha. Kwa macho sikuuona, kamera imeukamata. Rangi ya kung'aa haikai mkabala na dirisha, basi nyati anahamia ukuta wa pembeni, na pundamilia... hapana, pundamilia naye anang'aa. Hapa tunaweka kinyago, hakiakisi kama rangi hii.

Nyati ana fremu nyingine ya kimo kile kile, kwa hiyo napima waya wake upya. Nauvuta, mnaona? Nane. Kulabu 172.

Bandika vipande vya sponji kwenye pembe za chini nyuma, hewa ipite, ukuta wa pwani una unyevu. Pima maji juu ya fremu. Kushoto kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo, usiguse.