Masikio ya Chikki: mbwa mdogo wa Urusi na safari yake ya kutambuliwa

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nawaleteeni mbwa wa kupakata anayeitwa Russian Toy. Kimo chake ni sentimita 20 hadi 28, na uzito hauzidi kilo 3. Miguu ni myembamba kweli kweli; akiruka vibaya kutoka kitini, mfupa unaweza kuvunjika. Lakini nataka mtazame masikio. Wapo wenye manyoya mafupi na wenye manyoya marefu. Yule mwenye manyoya marefu ana mashungi yanayoning'inia kutoka masikioni, mazito kiasi cha kuficha kingo na ncha zake zote. Mengine yote nitakayosema yanahusu mashungi hayo yametoka wapi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mbwa wadogo wa Kiingereza aina ya toy terrier walikuwa wakipendwa sana Urusi. Hao walikuwa na manyoya mafupi yaliyolala. Hawakuwa na shungi lolote. Kisha yakaja mapinduzi ya 1917, na mbwa wa mapajani mwa mabibi wa kitajiri akawa kitu cha kutiliwa shaka. Dola mpya ilitaka mbwa wa kazi: wa kulinda mipaka, wa kwenda vitani. Kati ya miaka ya 1920 na 1950 ufugaji wa toy terrier kwa nasaba karibu ukome kabisa.

Katikati ya miaka ya 1950 wafugaji wachache waliamua kumfufua. Lakini wamfufue kwa kutumia nini? Kuagiza mbwa kutoka Uingereza halikuwa jambo jepesi wakati ule. Wakaokoteza waliobaki, karibu wote bila hati za nasaba, na wengi wao wakiwa machotara. Wakaandika vigezo vyao wenyewe, vilivyotofautiana sana na vya Kiingereza. Mimi husema hapo ndipo njia zilipoachana, ingawa wenyewe walidhani wanamrudisha mbwa yule yule.

Sasa tufike Moscow, tarehe 12 Oktoba 1958. Wazazi wawili wenye manyoya mafupi wanapata mtoto dume, akaitwa Chikki. Anapokua, manyoya yanachomoza masikioni na miguuni, marefu, kama mapambo. Kwa mfugaji anayefuata vigezo, huyo ni kasoro, na kwa kawaida angetolewa kwenye uzazi. Mfugaji mmoja wa Moscow, Yevgeniya Fominichna Zharova, alikuwa miongoni mwa walioona vingine. Chikki akapandishwa kwa jike mwenye manyoya marefu kidogo, na hapo ukaanza ukoo ulioitwa toy terrier wa Moscow mwenye manyoya marefu.

Historia rasmi ya aina hii inasema mzazi mmoja wa Chikki hakuwa na hati na huenda alikuwa chotara. Wasikilizaji wengi huishia hapo: aha, kumbe ni yule! Ngoja kwanza. Kwa mbwa, kinasaba cha manyoya marefu hujificha. Mtoto haoti manyoya marefu mpaka apokee kinasaba hicho kwa baba na kwa mama pia. Basi hata yule mzazi mwingine, ambaye hakuna aliyemnyooshea kidole, alikuwa amekibeba. Yaani sifa ambayo leo vigezo vinaidai, kwa maoni yangu, ni alama ya damu iliyochanganyika pande zote mbili. Napenda sana jambo hilo!

Utambuzi ulichelewa. Mipaka ilipofunguka mwishoni mwa karne, mbwa wadogo wa kigeni walimiminika Urusi, na huyu wa nyumbani nusura asahaulike. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, halitambui aina kwa kuwa mbwa ni mzuri. Linataka koo kadhaa zisizo na undugu wa karibu, ili aina isidhoofike kwa kuzaliana ndugu kwa ndugu. Kwa mbwa aliyetokana na watu wachache na wanyama wachache, huo ni mtihani mgumu. Utambuzi wa muda ulipatikana 2006, na neno "terrier" halimo tena kwenye jina: amewekwa kundi la tisa, la mbwa wa kuandamana na binadamu. Utambuzi kamili ukaja 2017. American Kennel Club, chama cha mbwa cha Marekani, ikamwingiza kwenye kundi lake la mbwa wadogo mwaka 2022.

Kwa mnaofikiria kumfuga mwenye manyoya marefu, vumilieni. Mtoto hana mashungi ya kujivunia, na vigezo vinadai masikio yafunikwe kabisa kwa mbwa aliyepita miaka 3 tu. Na msishangae jozi yenye manyoya mafupi ikizaa mwenye mashungi. Kinasaba kile bado kinatembea kimya kimya ndani ya aina nzima. Haya, nani ana swali?