Kuona haya mbele ya dirisha la duka

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu wa rika langu, habari za huko nyumbani. Ninarekodi video hii nikiwa Nairobi, katika mtaa wa South B ninakoishi, na jambo ninalotaka kulizungumza leo ni dogo kwa kulitazama, lakini limewasumbua Watanzania wengi ninaowafahamu hapa, nikiwemo mimi mwenyewe. Ni kule kuona haya unapokwenda kununua kitu katika duka dogo la mtaani. Sizungumzii kukosa fedha. Ninamzungumzia mtu mzima, mwenye kazi yake na fedha yake mkononi, ambaye analipita duka lililo chini ya ghorofa anayoishi, anatembea hadi supamaketi kununua chumvi na kiberiti, kisha anarudi kwa njia ile ile huku ameubana mfuko kwapani ili mwenye duka asiuone.

Nianze na duka lenyewe, kwa sababu ninaamini haya hii inaanzia katika namna lilivyojengwa. Maduka mengi ya mitaa ya hapa yamezibwa kwa wavu wa chuma kutoka juu hadi chini kwa ajili ya usalama, na katikati ya wavu huo kuna kidirisha kinachotosha kupitisha pakiti ya unga ya kilo mbili. Mteja husimama nje. Hawezi kushika kitu, hawezi kuzunguka akitafakari, na mara nyingi hawezi kusoma bei kwa sababu haikuandikwa popote. Kila anachokihitaji ni lazima akitamke kwa sauti, mbele ya yeyote aliyesimama hapo. Mtasema kwamba hata kwa Mangi wetu, mwenye duka la mtaani kule nyumbani, kuna nondo dirishani, na ni kweli kabisa, lakini Mangi wa mtaani kwenu alikufahamu tangu enzi ulipokuwa ukitumwa mafuta ya taa na chupa, kwa hiyo sauti yako haikuwa habari kwa mtu yeyote.

Hapa, njoo mbele ya dirisha hilo mnamo saa moja jioni, wakati matatu zinaposhusha watu kutoka mjini. Hakuna foleni. Mikono inapita juu ya bega lako, mtoto amepenya chini ya kiwiko chako na kuiweka sarafu yake juu ya mbao ya dirisha, na kila mmoja anasema neno moja au mawili tu: mkate nusu, maziwa, unga, mayai mawili. Wewe unaanza kama ulivyolelewa, kwa kumsabahi muuzaji, kumtaka radhi kwa usumbufu, na kumwomba ikimpendeza akupatie sukari robo kilo, na kabla hujafika kwenye sukari watu watatu wameshahudumiwa na wawili wamegeuka kukutazama, kwa maana lafudhi yako imeshaeleza ulikotoka. Ninasisitiza kwamba hawakutazami kwa ubaya. Wengi hufurahi kwa dhati, na wengine hukuuliza habari za Tanga au Arusha kana kwamba wana ndugu huko, na kweli wengine wanao. Lakini kwa mtu mwenye haya, hata kufurahiwa mbele za watu ni mzigo, na mzigo huo unatosha kumfanya kesho yake apite mbali.

Nimelitafakari sana jambo hili, na ninadhani malezi yetu ya dukani yana historia yake. Wazazi wetu waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1970 wanaikumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika, kisha wanaikumbuka miaka ya uhaba iliyofuata, wakati sukari, sabuni na khanga vilikuwa vitu vya kupangia foleni, na wanaukumbuka msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Katika mazingira hayo muuzaji alikuwa mtu wa kubembelezwa, kwa sababu yeye ndiye aliyeamua nani apate na nani aambiwe kwamba bidhaa imekwisha. Kenya ilipita njia nyingine. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 iliwabana wafanyabiashara wasio raia, wengi wao wakiwa wenye asili ya Asia, na maduka mengi yakaingia mikononi mwa raia Waafrika, lakini yakabaki kuwa mali ya watu binafsi wanaoshindana mlango kwa mlango. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, muuzaji wa Nairobi hangojei kubembelezwa. Anangoja aambiwe haraka, kwa sababu duka la pili liko hatua chache tu kutoka kwake na mteja asiyehudumiwa kwa wakati anahamia huko. Ukikatwa kauli katikati ya salamu, usidhani umedharauliwa.

Haya ya pili, na hii ndiyo ninayoisikia zaidi kwa wageni, ni haya ya kununua kidogo. Mtu anaogopa kwamba akiomba kitu cha shilingi kumi ataonekana fukara. Ndugu zangu, jiji hili linaendeshwa kwa vipimo vidogo, na wenyewe wanauita uchumi wa kadogo. Takwimu za serikali ya Kenya zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wenye ajira wako katika sekta isiyo rasmi, na wengi wao hupata fedha yao siku kwa siku. Mtu wa namna hiyo hanunui mafuta ya kupikia ya mwezi mzima, hununua ya jioni ile. Kwa hiyo mafuta hupimwa, mkate hukatwa nusu, na sabuni ya mche huuzwa kwa vipande. Ni kweli kwamba ukipiga hesabu ya kilo nzima, kadogo hukugharimu zaidi, na anayeweza kununua kwa wingi afanye hivyo. Lakini nyuma ya ule wavu hakuna anayekuhesabia umaskini kwa sababu ya sarafu ya kumi yenye picha ya simba, ambayo kwa fedha yetu ni kama shilingi mia mbili. Sarafu hizo ndizo zinazolipa kodi ya chumba cha duka.

Mtazameni mama mboga wa mtaani kwangu anavyofanya kazi. Unamwambia unataka sukuma ya ishirini, anaikusanya kwenye kiganja cha kushoto, anaiviringa kama anayesokota sigara nene, kisha kisu kinashuka kwa haraka kiasi kwamba majani yanadondoka membamba kama nyuzi, na macho yake muda wote yako kwako, anakuuliza kama utachukua nyanya pia. Ukimaliza kulipa anakutupia mashina mawili ya dhania bila kuombwa. Mwanamke yule hana nafasi ya kukuhukumu. Ana sufuria ya githeri jikoni nyuma yake, ana mtoto wa kumsimamia kazi za shule, na ana wateja wengine wanne wanaongoja kukatiwa.

Haya ya tatu ninaisema kwa ajili ya dada zangu na wadogo zangu wa kike, na kina kaka msiizime video. Kununua taulo za kike katika kidirisha kile, huku wanaume watatu wamesimama nyuma yako wakingoja sigara na vocha, ni jambo linalowafanya wasichana wengi warudi nyumbani mikono mitupu. Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye bidhaa hiyo mwaka 2004, na kwetu iliondolewa mwaka 2018 kisha ikarudishwa mwaka uliofuata. Haya mambo yamejadiliwa bungeni mbele ya taifa zima, lakini dukani bado yanatajwa kwa kunong'ona na pakiti bado inafungwa kwenye gazeti. Zamani ungetumbukiza kila kitu ndani ya rambo nyeusi, ule mfuko wa plastiki, na safari ikaisha, ila mifuko hiyo ilipigwa marufuku hapa tarehe 28 Agosti 2017, na kwetu tarehe 1 Juni 2019, na mimi ninaunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote. Ninabeba mfuko wangu wa kitambaa kila niendako. Na kwa mabinti ninasema wazi: tajeni mnachokitaka kwa sauti ya kawaida, kwa maana ukinong'ona muuzaji hukuuliza tena, na swali lake ndilo litakalosikika mtaa mzima.

Malipo nayo yana aibu yake. Karibu kila duka lina namba ya kulipia kwa M-Pesa, huduma iliyozinduliwa hapa Machi 2007 na kutufikia sisi mwaka 2008. Unaingiza namba, unaingiza siri yako, kisha mnangoja. Muuzaji anaitazama simu yake, wewe unaitazama yako, walio nyuma yako wanawatazama nyote wawili, na ujumbe unapochelewa kidogo unajihisi kama mshitakiwa anayengoja hukumu ilhali fedha imeshatoka kwenye akaunti yako. Mimi hutembea na fedha taslimu kidogo kwa ajili ya manunuzi madogo, na ninawashauri wageni wafanye hivyo mpaka watakapozoea.

Kuhusu maduka ya katikati ya jiji, kama yale ya vitambaa na vikoi ya Biashara Street au vile vibanda vya vifaa vya umeme vya Luthuli Avenue, sina mengi ya kusema, kwa sababu aliyekulia karibu na Kariakoo ya Dar es Salaam anajua kuitwa, kuvutwa na kutandaziwa bidhaa ambazo hakuziomba. Anayeona haya kutoka mikono mitupu baada ya kuonyeshwa vitambaa kumi ashukuru, aseme atarudi, na aondoke. Hilo linaeleweka pande zote mbili za mpaka.

Turudi mtaani, kwa sababu huko ndiko haya inakogharimu zaidi. Anayekimbilia supamaketi kila siku anadhani amejificha, na kweli amejificha: hakuna anayemjua. Nakumatt, supamaketi ambayo wengi wenu mliijua hadi Dar es Salaam, ilitoweka kabisa kufikia mwaka 2020, na wateja wake waliamka wakakuta milango imefungwa bila mtu wa kumuuliza. Duka la chini ya ghorofa yangu lina daftari lililofungwa kalamu kwa uzi, na ndani yake mna majina ya majirani na madeni yao ya mkate na maziwa, Mama fulani hadi mwisho wa mwezi, baba wa chumba fulani hadi Ijumaa. Daftari hilo haliandiki jina la mtu asiyejulikana. Mwenye duka ndiye anayepokea ufunguo ukisafiri, ndiye anayejua fundi bomba mwaminifu, na ndiye aliyegonga mlango wangu nilipougua na kutoonekana dirishani, akiwa ameshika maziwa ambayo sikuyaagiza. Kufahamiana huko kulianza siku nilipokubali kutazamwa.

Kwa hiyo siku hizi ndugu au rafiki akinifikia kutoka nyumbani, kabla sijamwonyesha kituo cha matatu, ninashuka naye hadi dukani na kumtambulisha kwa jina, nikimwambia mwenye duka kwamba huyu ni mdogo wangu, atakuwa hapa kwa muda, naye akikwama kwa bei au kwa namba ya kulipia amsaidie. Kisha ninamwachia mgeni anunue mwenyewe mkate wa asubuhi, mimi nimesimama pembeni nikizungumza na jirani, ili sauti ya kwanza itakayopita katika ule wavu iwe yake.